Kinyaa Kando ya Bwawa

Nyumba ya Mapumziko, kando ya bwawa
Jumapili, tarehe 3 Machi

Mdogo wangu Sponji,

Nimefika. Kama nia yako ilikuwa kunikomoa, umefanikiwa.

Getini wamenipokonya simu wakaitia kwenye kopo la biskuti pamoja na simu za wenzangu, na huku mtandao haushiki kabisa, ndiyo maana unapata barua kama vile tunaishi enzi za babu. Barua zinabebwa na dereva wa gari la mboga, kwa hiyo hii ikifika inanuka vitunguu usinilaumu mimi.

Ulinibembeleza nije nikae kando ya maji matulivu, eti roho irudi mahali pake. Basi nikueleze maji yenyewe. Ni bwawa. Ni kweli yametulia, na yametulia kwa sababu hayana pa kwenda. Juu yake umetanda utando wa kijani, mzito kama kamasi la mtoto mwenye mafua. Ukitupa jiwe utando unapasuka, halafu unajifunga taratibu, kama kidonda kinachojifanya kimepona huku ndani kinachimba. Pembeni ni tope jeusi linalonuka mayai yaliyooza. Asubuhi tunaketi hapo kwenye mikeka, tumefumba macho, nzi wakitutembelea midomoni.

Mwenye nyumba tunamwita Mlezi. Anaongea kwa kunong'ona kama mtu aliyemeza pamba, na kucha za miguu yake ni ndefu, za njano, zimejikunja kama maganda. Leo katuambia, "Sikilizeni maji." Nikasikiliza. Nikasikia tumbo la jirani yangu likinguruma. Huyo ni bwana mmoja wa benki ambaye amefundishwa kwamba amani inaingia kwa pua na kutoka kwa mdomo, na inapotoka kwake ina harufu ya vitunguu saumu. Nimempa jina la Bwana Pumzi. Kulia kwangu anaketi bibi mmoja, hakimu mstaafu, tunamwita Mheshimiwa. Huyo mezani anavua meno ya bandia, anayachovya kwenye glasi ya maji mbele yetu sote, anayakung'uta, anayarudisha, kisha anaomba apitishiwe mkate.

Bafu ni la watu wote. Kwenye sabuni kuna unywele mrefu, mweusi, uliojikunja kama herufi. Nimeoga bila sabuni.

Najua utasema Dada amezidi. Ni kweli nimezidi. Nimefanya kazi wodi ya vidonda tangu wewe ukiwa unavaa kaptula, nimefungua bandeji ambazo madaktari walikuwa wanazitazama toka mlangoni, na sijawahi hata kuziba pua. Sasa sijui nini kimenipata. Kila kitu kinanitia kinyaa. Watu wakitafuna. Ute wa yai. Mikono yangu mwenyewe nikiiona karibu na sahani. Muuguzi mkuu alifanya vizuri kunipa likizo, ila nadhani angenipa jela ningepumzika zaidi.

Mama vipi? Mgeuze kila baada ya saa mbili, usimwache alalie upande mmoja hata akikuapia kwamba yuko sawa. Tangu kiharusi kimpate ule upande wa kushoto hausikii maumivu, kwa hiyo hawezi kujua mwenyewe. Mito iwekwe chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee. Usisahau.

Dada yako


Nyumbani
Jumatano, tarehe 6 Machi

Dada,

Barua imefika na kweli inanuka vitunguu. Nimemsomea Mama, ila pale kwenye kamasi nimeruka kwa sababu alikuwa anakula. Habari ya meno ya Mheshimiwa nimeisoma mara mbili kwa ombi lake. Amecheka kwa ule upande wake unaocheka, mpaka chai ikamtoka.

Wewe kaa utulie. Mteja wangu aliyenielekeza hapo alikwenda akiwa hasemezani na mke wake, akarudi wanasemezana. Labda ni yale maji, labda ni mke kuchoka, mimi sijui. Jipe muda.

Mama mzima. Anakula kidogo, lakini anakula. Suala la kuoga usiwe na wasiwasi, yule jirani mshona sare za shule anakuja kumwogesha, nami natoka nje mpaka wamalize. Nyumba ni safi. Nimenunua dawa ya kopo ya kupuliza, ile yenye harufu ya ndimu, napuliza asubuhi na jioni, na madirisha yako wazi kutwa. Kazi zangu nimezihamishia uani ili vumbi la sponji lisimsumbue. Nina seti moja ya makochi ya ngozi ya kubadilisha yote. Mwenyewe alikuja juzi kuchagua rangi, nikamkaribisha ndani akasema atakaa tu barazani, hata chai hakunywa. Watu wa makochi ya ngozi wanaringa.

Mama anakusalimu. Anasema usirudi mpaka wakufukuze.

Ni mimi,
Sponji


Kando ya bwawa
Ijumaa, tarehe 8 Machi

Sponji,

Tangu lini wewe ukapuliza ndimu ndani ya nyumba? Umekulia kwenye gundi na ngozi mbovu. Ukiwa mdogo paka alifia chini ya kitanda chako na wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho kusikia. Leo unanunua dawa ya kopo, unapuliza asubuhi na jioni, unafungua madirisha, unahamia uani, na mteja anakataa chai. Harufu gani hiyo unayoifukuza?

Nijibu vizuri. Harufu ya mkojo ni kali, inachoma pua, hiyo najua na haiui mtu. Lakini kama ni tamu, kama tunda lililoozea ndani ya mfuko wa nailoni, nataka kujua leo. Mwambie huyo jirani amtazame mgongoni chini, pale juu ya makalio, na kwenye visigino. Asiangalie kijuujuu. Akiona ngozi nyekundu abonyeze kwa kidole. Ikibaki nyekundu, tayari kumeharibika.

Huku mambo ni yaleyale, ila mabaya zaidi. Jana Mlezi alimpa kila mtu glasi ya maji ya bwawa tuiinue kwenye mwanga, "utazame roho yako ikitua chini kama tope." Nikatazama roho yangu. Ilikuwa na viluwiluwi vinavyocheza kiuno. Bwana Pumzi aliguswa sana akayanywa. Nadhani unaweza kukisia ametumiaje choo chetu tangu jana, na kukisia kwako hakutafikia hali halisi. Nimesimama nje ya mlango ule nikishika ukuta, na Mheshimiwa nyuma yangu akiwa na taulo begani, akasema, "Binti, mimi nimesikiliza kesi za mauaji kwa utulivu zaidi ya huu."

Uliniuliza siku ile kulitokea nini wodini, nikakwambia ni uchovu. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye kidonda mguuni ambaye nilimhudumia wiki nyingi. Nilipomaliza kumfunga akanishika mkono, akanishukuru. Mkono wake ulikuwa na jasho. Nami, huku akinitazama usoni, nikaufuta mkono wangu kwenye sare. Sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe. Akavuta shuka akajifunika mguu, kama mtu anayeficha aibu. Nikaangusha trei nikaondoka. Ndiyo hivyo.

Nilikuwa nikienda kazini asubuhi ninasali njiani, unakumbuka mlivyokuwa mnanicheka kwa kuongea peke yangu. Siku hizi nikianza naishia katikati. Nahisi hata huko juu kuna mtu anajifuta mkono.

Nijibu kuhusu hiyo harufu.

Dada


Nyumbani
Jumatatu, tarehe 11 Machi

Dada,

Ndiyo. Ni hiyohiyo ya tunda.

Jirani alikuja siku moja tu. Alijifunga kitambaa puani kabla hajaingia chumbani, akalishika shuka kwa ncha za vidole viwili kama mtu anayeokota panya. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni, nikaona yote. Mama akamwambia kwa upole kabisa, "Asante mwanangu, leo sijisikii kuoga." Jirani akafurahi akaenda zake. Hajaitwa tena.

Tangu hapo namwosha mimi. Uso, mikono, miguu mpaka magotini. Nikipanda juu ya hapo anakamata shuka kwa ule mkono wake mzima, na Dada, ule mkono una nguvu. Anasema, "Mimi ndiye niliyekuosha wewe. Hili halina kurudishwa." Nikimwambia nafumba macho, anasema hata vipofu wana aibu zao. Nikimgeuza shuka linateleza, analia. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika Baba. Basi nikawa simgeuzi kama ulivyosema. Namgeuza kidogo, tunajidanganya wote wawili kwamba imetosha.

Jana aliposinzia niliinua shuka. Kipo palepale uliposema. Kikubwa kama kiganja changu, na katikati ni cheusi. Nilitoka nikatapikia kwenye pipa la mabaki ya sponji. Nimetapika tena sasa hivi nilipokuwa naandika neno cheusi.

Usiniulize kwa nini nilikudanganya, nakwambia mwenyewe. Mama alinikataza. Alisema hivi, nayaandika kama alivyoyasema: "Dada yako aliponiosha mara ya mwisho alinitazama kama mtu aliyekanyaga kitu. Mwache akae huko mpaka uso wake urudi." Nikamwambia wewe ni muuguzi, umezoea. Akasema, "Ndiyo maana nimeuona. Kama asingekuwa amezoea nisingeutofautisha."

Anasema usije. Anasema afadhali anuke peke yake kuliko kunuka mbele yako.

Sasa wewe ndiye uliyesomea. Mimi nimesomea makochi. Sema nifanye nini, na usinifokee, kwa sababu nimebakisha kidogo tu nikae chini barabarani.

Sponji


Kando ya bwawa
Jumatano, tarehe 13 Machi

Mdogo wangu,

Dereva ananisubiri injini ikiwaka, kwa hiyo naandika haraka.

Sikufokei. Ukimaliza kusoma hapa nenda kliniki ya mtaa wa pili, umwulize yule mama mnene wa chumba cha vidonda, sisi tunamwita Buldoza. Mwambie ni mama yangu. Mwambie kuna nyama nyeusi. Aje leo, na daktari. Asipokuwepo, mpeleke Mama hospitali hata kwa mkokoteni. Hilo si la kujadiliana naye, wala usimwombe ruhusa.

La pili ni kuoga. Hakuna sababu ya kumvua mtu shuka ili umwoshe. Nilipaswa kukuonyesha kabla sijaondoka. Chukua shuka kubwa, mfunike kuanzia shingoni. Beseni liwe pembeni, maji ya vuguvugu. Kitambaa unakiingiza chini ya shuka kwa mkono wako, unaosha sehemu moja, unasuuza, unakausha, ndipo unakwenda nyingine, na shuka halitoki mahali pake. Macho yako yatazame ukutani, na umwambie unatazama ukutani. Sehemu zake za siri mpe kitambaa mkononi aoshe mwenyewe kwa mkono mzima, wewe mshikie goti tu. Wewe unapapasa kochi ukajua msumari uko wapi bila kufungua kitambaa. Kazi ni hiyohiyo.

Nilikuwa nimefunga mkoba nipande gari hili. Nimeufungua tena. Nisikufiche, Sponji. Nilisoma neno lako moja, tunda, nikakimbilia dirishani. Hapa nilipo, mbali na nyumbani, kwa neno tu. Nikiingia mle chumbani nikafanya vile mbele yake, kitakachomuua si kidonda. Uso haudanganyi, na yule mama anasoma nyuso kama wengine wanavyosoma gazeti.

Nipe siku chache. Sijui nazitaka za nini. Usimwambie nimelia.

Dada


Nyumbani
Jumamosi, tarehe 16 Machi

Dada,

Buldoza si mtu wa kuombwa mara mbili. Alisikia jina lako akavua aproni, akamkamata daktari kijana kiwikoni wakaja naye kwa miguu. Daktari amekata ile nyama iliyokufa. Alisema vizuri tu kwamba tungechelewa wiki nyingine tungekuwa tunazungumza habari tofauti. Kuna vidonge, kuna dawa ya kusafishia, na Buldoza anakuja mwenyewe kila asubuhi kabla ya kazi. Anaimba akiwa anafunga kidonda. Sauti yake mbaya kama msumeno, Mama anasema maumivu anayasikia masikioni tu.

Kuoga, nimemwosha jana. Nilimwambia natazama ukutani. Akauliza, "Ukutani kuna nini?" Nikamwambia kuna kalenda ya duka la mbao na mjusi. Akasema nimweleze mjusi. Basi nikawa naosha huku nasimulia habari za mjusi, kageuka, katulia, kameza kitu. Tulipofika mgongoni mjusi alikuwa ameshaondoka kitambo lakini niliendelea kumsimulia. Nilitapika nilipomaliza. Nilikwenda mbali, nyuma ya banda, nikidhani hasikii. Niliporudi akasema, "Pole. Chakula cha mchana nacho kimekwenda bure."

Nimemkatia godoro. Nimechukua sponji ngumu ya makochi, nikatoa shimo pale kidonda kilipo, nikalifunika kwa kitambaa laini. Buldoza amelibonyezabonyeza, akasema ataniletea wateja ambao hawalipi.

Mama nimemuuliza nikuandikie nini. Alinyoosha shuka kifuani kwa ule mkono wake mzima. Kisha akasema, "Mwulize kama hayo maji ya huko ni ya baridi au ya moto." Nikasema ni hilo tu? Akasema, "Aje, asije, hiyo ni hiari yake. Ila asije kunihurumia. Huruma nimeipata ya kutosha, jirani aliniletea imefungwa puani."

Nimeandika kama alivyosema.

Sponji


Kando ya bwawa
Jumatatu, tarehe 18 Machi

Mdogo wangu,

Mwambie Mama maji ni ya baridi. Juu yana uvuguvugu wa kuudhi, kama maji aliyoogea mtu mwingine, lakini ukizama mpaka kiunoni ni baridi kweli. Nimejua kwa sababu nimeingia, na sikuingia kwa raha.

Mvua kubwa ilinyesha usiku wa Ijumaa. Asubuhi tulipokwenda na mikeka yetu, palikuwa na mbwa ndani ya bwawa. Mbwa aliyekufa, mkubwa, amevimba mpaka ngozi inang'aa, miguu imesimama juu, amekwama kwenye matete karibu kabisa na tunapoketi. Macho hana. Samaki au kunguru, sijui. Kila upepo ukivuma anajigeuza kidogo kama mtu anayetafuta usingizi, na harufu inakuja. Sitaki kuieleza, wewe unaijua.

Mlezi akasimama pale na shati lake jeupe, akanong'ona kwamba hata hiki ni sehemu ya maisha na tukipokee. Kisha akaziba pua kwa kola ya shati, akatangaza kwamba tafakuri itahamia kwenye baraza la nyuma. Mtunza bustani kaenda kwao, atarudi wiki ijayo. Basi watu waliotoka makwao kutafuta maji, wakabeba mikeka wakaketi wakitazama matangi ya gesi.

Niliketi nao. Bwana Pumzi safari hii alikuwa havuti hata pumzi moja. Nikafumba macho. Nikajiona vile nilivyo, Sponji. Mwanamke mzima aliyehama bwawa kwa sababu ya mbwa, aliyehama wodi kwa sababu ya jasho la mzee, aliyemhama mama yake. Kote nilikokimbia kulikuwa na mwili tu, unaofanya yale ambayo miili inafanya. Nami nilikuwa nimeuchukia kama vile umenitukana mimi. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia yule mbwa, na hapo hasira ikanishika, nikainuka.

Nilichukua kamba ya kuanikia nguo. Nilivua viatu nikakanyaga lile tope, likapanda katikati ya vidole laini kama siagi iliyoharibika, na ule utando wa kijani ukanikumbatia mapaja. Nilitapika kabla sijamfikia. Nilitapika nilipomfikia. Nilimshika mguu wa nyuma, ngozi ikabaki mkononi mwangu kama soksi. Nisikudanganye kwamba kinyaa kiliisha. Hakikuisha hata chembe. Nilikuwa nakisikia mpaka kwenye meno. Lakini mikono ilikuwa inafunga kamba, inafunga vizuri, fundo lile tunalofungia machela. Nikatambua kwamba mikono haikuwa inaningoja nijisikie vizuri kwanza. Haikuwa imeningoja kamwe, hata wodini.

Nilipoanza kuvuta nikashindwa. Ndipo nikaona kamba imekuwa nyepesi. Nyuma yangu, ukingoni, Mheshimiwa alikuwa ameishika, gauni kalipandisha na kulichomeka kiunoni, kitambaa cha kichwa kakifunga mdomoni. Alikuwa anatukana. Sikujua mahakimu wana msamiati ule. Tulimvuta mpaka juu, tukamchimbia kwa jembe la bustani, tukapokezana, yeye akipumzika kila akichota kidogo. Tulipomaliza kumfukia akatazama kaburi akasema, "Watu wangapi nimewasomea hukumu, na huyu sina la kumwambia." Kisha akavua meno yake, akayasuuza kwenye ndoo, akayarudisha. Nikacheka mpaka nikaketi chini.

Yeye akaenda kuoga. Mimi nilibaki ukingoni. Nilikuwa nimelowa, nanuka kuliko mbwa mwenyewe, tope mpaka kwenye nyusi. Pale tulipomtolea utando ulikuwa umepasuka, pana tundu la maji meusi yaliyo wazi, na mbingu ndani yake. Nilitegemea lijifunge kama kawaida. Lilikuwa linajifunga, lakini polepole, na nilikuwa na muda. Hapakuwa na mtu wa kuniambia nisikilize. Sponji, palikuwa kimya. Kimya kile hakikunidai kitu. Nilikuwa mchafu na hakuna aliyejifuta.

Nikasema, "Nipo." Sikuongeza neno. Ndiyo sala niliyoweza, na haikuishia katikati kwa sababu haikuwa na katikati. Nikakaa mpaka nguo zikaanza kukauka na kukakamaa mwilini. Sijui niite nini kile nilichokisikia. Mlezi angekuwa na jina lake, kwa hiyo simwulizi.

Naja na gari la mboga la Jumatano. Mwambie Mama siji na huruma. Mwambie pia uso haujarudi, ni uleule, lakini nitaingia nao hivyohivyo. Akinifukuza nitaketi uani na wewe nipigilie misumari.

Dada yako


Nyumbani
Jumanne, tarehe 16 Aprili

Mdogo wangu Sponji,

Barua yako kutoka bwawani imefika na vitunguu vyake. Mama amecheka kusikia kwamba ule utando wa bwawa umekupendeza kwa sababu unafanana na kitambaa cha velveti, na kwamba umemwambia Mlezi kiti chake kina springi zilizokufa. Usimtengenezee bure. Wewe umekwenda kupumzika, na ulikuwa umechoka kuliko ulivyokubali. Nililiona hilo siku niliporudi, mabega yako yalikuwa yamefika masikioni.

Kidonda kinaota nyama nyekundu, nzuri, pembeni kimeanza kujikunja kuja ndani. Buldoza anasema itachukua miezi. Nimerudi wodini, zamu za mchana tu, na yeye amechukua likizo, anakaa na Mama nikiwa kazini mpaka urudi. Yule mzee wa mguu alikuwa ameshatoka hospitali. Sikupata nafasi ya kumwambia lolote, hilo litabaki hivyo.

Hujaniuliza kilichotokea chumbani siku ile niliporudi. Nilikuona dirishani umesimama uani na nyundo mkononi, hupigi kitu. Nafikiri uliogopa kuuliza, basi nakwambia bila kuulizwa.

Nilimkuta anatazama mlango. Sikumpigia magoti, sikumwomba radhi, alikwishasema hataki huruma. Nilisema, "Shikamoo Mama, nimekuja kukuosha." Akasema, "Marahaba. Maji yako wapi?" Nikaleta beseni. Nikamfunika shuka kama nilivyokuandikia, lakini akalisukuma kwa mkono wake mzima mpaka chini. Akasema, "Wewe si Sponji. Wewe tazama."

Nikatazama, Sponji. Nikafungua bandeji. Ile harufu ikanipanda, na nikajua uso unafanya kile unachofanya, sikuweza kuuzuia, na yeye alikuwa ananitazama hasa, hakupepesa. Nikasema, "Mama, nakwenda kutapika." Sijawahi kumwambia mgonjwa neno lile maisha yangu yote.

Akasema, "Nenda. Mimi siendi popote."

Nikaenda. Nikatapika, nikasukutua, nikanawa mikono, nikarudi. Hakuwa amejifunika. Alikuwa amelala vilevile ubavu, mgongo wazi, ananisubiri. Nikachovya kitambaa nikaanza mabegani. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyokumbuka. Nikamwosha mgongo wote, chini ya maziwa, kila mkunjo, nikamsafisha kidonda. Tumbo lilinipanda mara nyingine na nikalishusha, naye akalisikia, akasema, "Hiyo ni ya pili," tukacheka wote wawili mpaka ikabidi niweke kitambaa chini.

Kisha tukanyamaza. Nilikuwa namwosha miguu. Ni kimya kilekile cha bwawani, nikakitambua, sikukitafuta wala sikukisemesha. Nafikiri nilikaa na mguu wake mkononi bila kufanya kitu kwa muda, kwa sababu alifumbua jicho moja.

"Umemaliza?"

"Bado kidogo."

"Basi maliza," akasema, "maji yanapoa."

Dada yako